Fundi Asiyenuka Moshi

Posa ya Fuad ilikuwa bado haijajibiwa, na aliyeizuia ni Bi Mwanakuu wa Kibokoni, nyanya aliyemlea Jannat, binti aliyeposwa, tangu mamake kufariki. Kijana alisema yeye huchomea vyuma karakanani Kilindini, lakini shati lake hutoka kazini jeupe kama la karani.

Bi Mwanakuu alikuwa mke wa mchomeaji. Mashati ya marehemu yalitobolewa na cheche, macho yaliwiva, na moshi ulimganda mwilini hata sabuni ikashindwa.

"Huyu hachomei kitu," alimwambia mjukuuwe. "Kuna jambo atuficha."

"Nyanya, wao watumia miale ya elektroni. Kazi yote iko ndani ya sanduku."

"Sanduku! Basi na mimi mikate ya mofa naichoma kabatini."

Asubuhi alivaa buibui, wakapanda tuktuk yeye na Jannat hadi Kilindini, bila kumwarifu mtu.

Fuad alipowaona mlangoni alishtuka. Bi Mwanakuu akautia moyoni mshtuko ule.

"Shikamoo, Bi Mwanakuu."

"Marahaba. Nimekuja kuuona huo moto."

Palikuwa na sanduku la chuma kubwa kama chumba, mlango umebanwa, pampu yavuma. Fuad alieleza kuwa pampu hufyonza hewa yote, hadi mshale wa kipimo ushuke chini. Hewa ikibaki, miale hutawanyika na kiungo huwa kibovu. Ndani mlikuwa na bomba la shaba na bomba la chuma cha pua, yaungwe yawe moja. Bi Mwanakuu akaguna. Marehemu aliapa hayo mawili hayashikani.

Wakangoja sana. Odera, msimamizi, akaja na simu sikioni.

"Washa, bwana! Mwenye meli ananipigia kelele. Hewa kidogo hiyo, nani atajua?"

"Mshale haujashuka."

"Ati kwa sababu una wageni?"

Bi Mwanakuu naye alikuwa akiwaza hilo hilo.

"Lakini ndivyo ulivyo siku zote," Odera akanung'unika akienda zake. "Kila kazi, bado, bado. Nitakupeleka stoo."

Bi Mwanakuu akamtazama kijana upya.

Mshale uliposhuka, nyuma ya kioo kizito kikawaka kinukta cheupe, na mabomba yakazunguka polepole. Hapakuruka cheche. Yalipotolewa na kupoa, Bi Mwanakuu alipitisha ukucha kwenye kiungo, mara mbili, tatu. Haukukwama.

Walipofika Kibokoni, nyanya akamwambia Jannat:

"Waambie wazee wake waje. Lakini mkishaoana mtakaa hapa kwangu, niwaone."