Koti Jekundu la Ukurasa wa Kumi na Moja

Bi Zuena alikuwa amechoka na wafu wa watu. Miaka thelathini walimfuata pale barazani kwake Chemchem kuomba waonyeshwe babu zao, naye huingia ndani, huinama mvunguni mwa kitanda, magoti yakilia kama bawaba zisizojua mafuta, hutoa albamu, huiweka mapajani, huwaonyesha babu. Halafu chai. Wafu hawanywi chai, lakini wajukuu wao wanakunywa, tena kwa vijiko vitatu vya sukari.

Albamu yenyewe ilikuwa kitu cha kutazamwa. Baba yake, Fundi Majidi, ndiye aliyeshona magwanda ya beni hapa Tabora, enzi ambazo watu wazima walicheza ngoma kwa tarumbeta wakijipanga kama jeshi, huyu jenerali, huyu kapteni, na kesho yake jenerali anarudi sokoni kuuza karanga. Kila gwanda alilichora kwanza kwa rangi za maji, kwa kijisanduku cha rangi alichopewa na padri mmoja aliyemshonea kanzu. Picha zilipofika arobaini akampelekea sharifu aliyekuwa akijalidi misahafu, naye akazifunga kwa ngozi ya mbuzi yenye rangi ya tende mbivu, pembe nne zikanakshiwa dhahabu. Ndani mlikuwa na mabega, vifungo, mishipi, hata mkunjo wa soksi. Sura hamna. Fundi hupima mabega, alisema mzee, sura ina mwenyewe.

Basi kwenye hizo sura zisizokuwepo ndipo Zuena alipojitilia dhambi. Kila aliyefunguliwa albamu alisimama ukurasa wa kumi na moja: koti jekundu, nyuzi za dhahabu mabegani, suruali nyeupe yenye mstari wa bluu. Huyu nani? Na huyo alikuwa mama yake, Bi Swaumu, jenerali wa kikosi cha wanawake, aliyeivaa ile suruali mchana kweupe siku ya Idi, barabarani, mbele ya waliosali na wasiosali. Kaka zake walikuja na fimbo. Ndoa ilibaki imening'inia kwa uzi mmoja. Siku ya kufa alimshika binti yake mkono akamwapisha: usinitaje na suruali. Zuena akaapa.

Kwa hiyo Abdulatifu, mwenye duka la vitenge, alipouliza huyu nani, Zuena alimjibu kwamba ni babu yake. Abdulatifu alilia, na kesho yake akaleta kilo mbili za sukari. Baada ya miaka akaja Shilinde, mkulima wa Lusu, kwa njia ile ile waliyoipita wapagazi wa kwao na mizigo kichwani, kavaa vumbi la Nzega mpaka kwenye kope. Naye akasimama kumi na moja. Umwambie hapana mtu wa namna hiyo? Zuena akampa na yeye. Akaletewa asali.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kiama, kama Shilinde asingenunua simu. Alipiga picha ya ukurasa, akaitupa wasapu, chini kaandika: Babu yetu, Jenerali Ngollo. Picha ikatembea kundi hadi kundi, mpaka ikagonga simu ya Abdulatifu akiwa dukani anapima kitenge.

Jumatatu asubuhi Abdulatifu akatokea barazani na wembe mfukoni, na kwapani fremu ya mninga yenye kioo, ukurasa wa kumi na moja ukiwa tayari na msumari wake ukutani kwake. Alikuwa amempigia simu Shilinde, kamtukana, na Shilinde naye akapanda gari kuja kutukanwa vizuri. Wakakaa ncha mbili za jamvi moja.

"Dada, nimekuheshimu miaka yote," Abdulatifu alisema. "Leo naondoka na babu yangu."

Shilinde alisema yeye hataki ugomvi, ila kama ni kukata, hata watu wa Lusu wana babu. Abdulatifu akaeleza jinsi babu yake alivyokuwa mrefu, haingii mlangoni bila kuinama. Shilinde akaeleza jinsi wa kwake alivyobeba magunia mawili ya chumvi kutoka Uvinza. Babu hawa wakazidi kurefuka na kunenepa, hata Zuena akaogopa baraza itaanguka.

Alifikiria kuwaachia tu. Wakate, waende, apumzike. Lakini sharifu alishona karatasi zile mbili mbili, kila moja na mwenzake: ukichomoa huyu, wa upande wa pili analegea, na kesho anafuata. Halafu waje wengine, maana Tabora haijapata kupungukiwa wajukuu. Mwisho angebaki na ngozi ya mbuzi. Na kwa upande mwingine wa mizani alikuwako mama, miaka arobaini kaburini, hajaomba kitu chochote ila kunyamaziwa.

Nisamehe, mama, akasema moyoni. Nimechoka.

"Abdulatifu, wewe ulihitimu chuo cha Kurani," akamwambia. "Geuza ukurasa, usome mgongoni."

Hakuna aliyewahi kuugeuza, kwa kuwa siku zote albamu ilikaa mapajani mwa Zuena. Nyuma ya kila picha Fundi Majidi aliandika vipimo vya mvaaji kwa herufi za Kiarabu. Abdulatifu akavaa miwani.

"Mkono, inchi ishirini na mbili," akasoma. "Kifua, thelathini na sita. Nyonga, arobaini na mbili."

"Babu yako alijaliwa nyonga, mzee," Shilinde akasema taratibu.

"Si ulisema ni wako?"

"Endelea," akasema Zuena.

"Nafasi ya matiti, vidole viwili kila upande." Abdulatifu akavua miwani. Akaifuta, akaivaa tena, maneno yakawa yale yale.

"Huyo ni mama yangu Swaumu," Zuena akasema. "Kavaa suruali. Aliniapisha nisimtaje, na nyinyi mmenivunjisha kiapo changu."

Kuku wa jirani akapita katikati ya jamvi bila hodi. Mwishowe Abdulatifu akauliza, kwa sauti ya dukani mteja asipokuwepo, kama babu yake yumo kweli. Yumo, ishirini na tatu: mpiga tarumbeta, koti la kaki, kiuno arobaini na nane, urefu wa mtu wa kawaida asiyegusa mlango wowote. Akamtazama kwa muda mrefu. Akasema kaki ni rangi ya heshima. Akachukua fremu yake tupu, wembe wake mfukoni, akaondoka bila kuaga, na Zuena akajua sukari imekwisha, na kwamba kabla ya alasiri Chemchem nzima itakuwa na suruali ya mama yake mdomoni.

Akabaki Shilinde. Naye akauliza.

Ulimi wa Zuena ulikuwa tayari. Kumi na saba kulikuwa na kapteni mwenye mshipi wa bluu, mzuri, ukoo wake umekwisha wote, hana wa kumdai. Lakini uongo nao ni mtoto, unataka kulishwa kila siku, naye mikono imechoka.

"Humu hayumo, mwanangu. Nilikuona umechoka njia, nikakupa."

Shilinde akatazama miguu yake. Akasema mama yake ana miaka themanini na mmoja, kila jioni huomba simu yenye ile picha ili amwamkie baba yake shikamoo. Hata leo amemtumia salamu.

"Nikamwambie nini, mama?"

"Mwambie umenikuta nimelala."

"Lakini hujalala."

"Nipe dakika."

Akajikokota, akatandika mkeka mlangoni, akalala upande wa ukuta na kujifunika kanga mpaka kichwani. Shilinde akangoja kwa adabu, kofia mkononi, mpaka pumzi yake ilipotulia. Ndipo akaenda kutafuta gari la Nzega.