Chaki ya Kukatia Nguo

Wewe mama utakayeitwa ukae meza moja na watafiti, nisikilize kwanza. Usifanye nilivyofanya. Mimi ni fundi cherehani, nimeishia shule ya msingi, lakini hili nalijua kwa kulipitia.

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na ana mtindio wa ubongo. Miguu yake ni migumu, mkono wa kulia haumtii, na maneno humtoka moja moja. Akili lakini ni wembe. Nyumbani tunamwita Bosi, maana kazi yake ni kuamuru.

Hospitali walianza utafiti wa mazoezi mapya ya miguu, wakasema safari hii wazazi na watoto ni washirika, si watu wa kupimwa tu. Tukachaguliwa mimi na Bosi, pamoja na fundi mmoja wa kuchomelea mageti, Baba Mapacha, ambaye watoto wake wote wawili wana hali hiyo. Kila mwezi tulikaa na daktari wa utafiti, dada mpole aliyevaa saa ya kupimia shingoni. Akisema lolote, mimi naitikia, "Sawa, daktari." Nilikuwa na hofu. Niliamini mtoto asipoonyesha maendeleo tutatolewa, na habari ya mazoezi itaishia hapo.

Kipimo kilikuwa kimoja. Mtoto anashika fremu yake ya kutembelea, anafuata mstari mweupe wa mita sita, daktari anahesabu sekunde. Mara ya kwanza Bosi alitumia sekunde hamsini na mbili.

Kesho yake nikachukua futi na chaki yangu ya kukatia nguo, nikachora mita sita kamili, kuanzia kwenye cherehani, kupita mlangoni, hadi kwenye pipa la maji koridoni. Kila siku akitoka shule, Bosi aliufuata mstari ule mara kumi. Akichoka namwambia, bado mbili tu mwanangu, na zikiisha zinakuja nyingine mbili. Na yale mazoezi ya hospitali, tuliyotakiwa kufanya nyumbani kila siku? Muda uliisha kwenye chaki. Tukawa tunasema kesho. Kwenye daftari tulilopewa hospitali lakini nilitia alama kila siku kwamba tumefanya.

Mwezi wa nne Bosi alimaliza kwa sekunde thelathini na moja. Kwenye kikao daktari alifungua karatasi zake akitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Huyu ameendelea kuliko wote," akasema. "Mazoezi yanafanya kazi. Tutayapeleka na hospitali nyingine."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Watoto wa watu wangepewa mazoezi kwa ushahidi wa mtoto wangu ambaye hakuyafanya. Nikafungua mdomo niseme, yakatoka yaleyale. "Sawa, daktari."

Daktari akamgeukia Bosi. "Mtaalamu hapa ni wewe. Zoezi gani lilikusaidia zaidi?"

Bosi akavuta pumzi. Daktari yule ana adabu ya kusubiri.

"Chaki," Bosi akasema. "Ya mama. Mara kumi."

"Na mazoezi niliyowapa?"

"Kesho. Mama... husema... kesho."

Baba Mapacha akainamia meza, mabega yanamtetemeka. "Mama Bosi, kumbe umefungua tuisheni nyumbani?"

"Nisamehe, daktari," nikasema. "Nilidhani mtatuondoa." Nikaanza kuvuta mkoba wangu.

"Kaa, mama. Nani alikwambia mtoto huondolewa kwa kutoendelea?"

"Hakuna."

"Basi na mimi nina kosa. Ningewaambia siku ya kwanza." Akaifuta ile thelathini na moja kwa kalamu. "Hii hatuihesabu, na nitaandika sababu."

"Mstari," Bosi akadakia, "hauendi... popote."

Daktari akacheka. "Wewe ungependa uende wapi?"

"Chooni. Nifunge mlango. Mama... abaki nje."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikajikuta nimo. Miaka yote hiyo naingia naye, sijawahi kumuuliza.

"Hata wangu waliwahi kusema hivyo," Baba Mapacha akasema. "Nikadhani wananitania. Shemeji, vyuma vya kushikilia ukutani niachie mimi."

Tangu siku ile mstari bado upo, lakini kila mtoto huchagua pia safari yake mwenyewe, nayo inapimwa. Na daftari letu sasa linasema kweli. Kwa hiyo mama mwenzangu, siku mliyoruka andika mmeruka. Na kabla hujaitikia sawa, muulize mtoto.

Juzi Bosi aliingia chooni na fremu yake. Nikasikia komeo likiburutwa, likakwama, likaburutwa tena, likaingia. Nikasimama nje, kiganja kwenye mlango.

"Umeshika chuma?"

"Nimeshika."

"Umekaa vizuri?"

Nikagonga.

"Bosi?"

"Mama," sauti ikatoka ndani, "nenda... kashone."

Nikaenda. Nikashona sikio likiwa koridoni, na Bosi huko ndani akawa anaimba, hana haraka. Alipotoka nilikuwa nimeshaunga mkono wa blauzi ya mteja mahali pa shingo. Akaitazama blauzi, akanitazama mimi.

"Fumua," akaamuru.

Nikafumua huku nacheka.