Mlevi wa Chuo cha Polisi

Kabla ya kuvaa sare, kuruta mmoja wa kike alikuwa akifundisha chekechea, ndiyo maana wenzake wakampachika jina la Mwalimu. Kwenye gwaride alikuwa si haba. Kwenye mbio ndiko alikokiona cha moto, na mara nyingi alijiuliza kama kweli upolisi ulikuwa wake.

Mkufunzi wao alipenda kuwapa historia ya chuo wakiwa bado wanatweta. Zamani, aliwaambia, pale palikuwa na mabanda ya mabati tu, na polisi alifundishwa mambo mawili: kupiga saluti na kupiga rungu. Siku hizi kulikuwa na sheria, huduma ya kwanza, upelelezi, na ile nyumba ndogo nyuma ya ghala la sare, walimojifunza kutuliza ugomvi wa majumbani. Humo mkufunzi mwenyewe ndiye aliyekuwa mume mlevi, na kisu cha mbao mkononi.

Zamu yao ikafika. Kuruta wa kwanza aliingia akifoka, akarushiwa sufuria. Wa pili alimsomea mlevi vifungu vya sheria mpaka akatimuliwa kwa kiti. Akaingia Mwalimu. Yote aliyokariri yalimtoka kichwani, yakabaki maneno ya kazi yake ya zamani.

"Umechoka, eeh?" alisema, akisimama mbali kidogo. "Hebu kaa. Hicho kiweke mezani kwanza, halafu unieleze vizuri nani kakuudhi."

Dirishani wenzake walibana vicheko. Mkufunzi akakaa, akaweka kisu mezani, akaanza kumlalamikia mkewe. Alipofika kwa mama mkwe, alitupa jicho mezani.

"Kisu changu kiko wapi?"

"Ninacho mimi, afande."

Mkufunzi alimtazama, akajikuna kidevu. "Miaka yote nimelewa humu ndani, sijawahi kunyang'anywa kisu bila kujua. Kesho utawaonyesha kikosi cha pili."

"Sawa, afande. Basi mbio za asubuhi nisamehewe?"

"Usinifanye mtoto wa chekechea. Mbio ziko palepale."

Jioni, bwenini, wale wale waliokuwa wakicheka walimzunguka wakitaka awafundishe. Aliwakalisha sakafuni nusu duara, wanawake wazima wenye mabega mapana, akawaambia wanyamaze. Wakanyamaza. Mwalimu akavuta kiti, akaketi mbele yao, moyo wake mweupe kwa furaha.