Mikono Yote Juu

Walimwita Msumari kwa sababu hakujua kupinda. Ukimgonga kichwani alizidi kuzama palepale alipo, na mama yake mzazi aliposikia jina hilo alicheka, akasema waliompa wamemjua kuliko yeye. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ujenzi, na alikuwa mwakilishi wa darasa tangu walipoingia chuoni. Si kwamba kila mtu alimpenda. Hakukuwa na mwingine aliyekuwa tayari kwenda kubishana na ofisi kila juma na kurudi bila kunywea.

Kwa hiyo mwalimu wao wa vifaa vya ujenzi, yule waliyempa jina la Mama Zege, alipomwita ofisini na kumwambia kwamba chuo kimekubali wanafunzi wenyewe wakae mezani na kupanga upya namna wanavyofundishwa, Msumari alijiona amerefuka. Miaka yote alikuwa akipiga kelele kwamba wanasomeshwa ujenzi kama hadithi za zamani, na sasa mtu amesikia.

"Safari hii kalamu mtashika ninyi," Mama Zege alimwambia. "Lakini nataka ukweli, mwanangu. Mkiniletea mapambo, na mimi nitawapelekea wakubwa mapambo."

Ukweli kila mtu aliujua. Maabara yao ilikuwa na mashine ya kuvunjia michemraba ya zege, ile inayobana kipande mpaka kipasuke ili ujue kingebeba mzigo kiasi gani. Mashine hiyo ilikufa kabla hawajafika chuoni. Ilikaa kwenye kona imefunikwa turubai, kama maiti anayesubiri ndugu zake kutoka safari. Hata hivyo ripoti za maabara zilitakiwa, na ripoti zilipelekwa. Kila darasa lililomaliza liliwaachia wadogo zao namba zake, na wadogo wakaongeza kidogo hapa, wakapunguza kidogo pale, ili ndugu wasifanane kama mapacha. Wenyewe waliita kupika.

Mpishi mkuu alikuwa Kinyozi, aliyekaa chumba kimoja na Msumari na kuwanyoa wanafunzi wenzake kwenye korido ya bweni, mdomo wake ukienda kasi kuliko mkasi. Kinyozi alisema zege la chuo chao ni la ajabu, linazidi kuimarika mwaka hadi mwaka wala halijawahi kuonja saruji. Ripoti alizozipika zilirudi na alama ya vyema kwa wino wa kijani wa Mama Zege. Kama mwalimu alijua au hakujua, hakuna aliyeuliza. Kinyozi alikuwa na jibu lake: mwalimu wa zege asiyejua mashine yake imekufa ni sawa na mama asiyejua mwanawe amehama nyumbani.

Basi Msumari alipoleta habari ya kusema kila kitu, Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa. Alikuwa na sababu. Mkandarasi mmoja alikwisha kumwahidi kazi pindi atakapohitimu, na dada yake mshonaji, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikwisha kumshonea suti ya mahafali. Aliishona kwa mikono yake, akaitundika dukani pake mahali ambapo kila mteja angeiona na kuuliza ni ya nani.

"Nyie mnataka kusifiwa," Kinyozi alisema huku akimkata mtu ndevu. "Mimi nataka kumaliza. Nikishamaliza nitakiri hata dhambi za babu yangu."

Msumari hakumwacha. Alimfuata bafuni, alimfuata kwenye foleni ya chakula, alimfuata mpaka kitandani. Alimwambia kwamba akisema mmoja ataadhibiwa mmoja, lakini wakisema wote hakuna wa kuadhibiwa, maana chuo gani kitafukuza darasa zima? Alizungumza na wenzake hivyohivyo, kundi kwa kundi, akawapa sharti moja: swali likiulizwa, mikono yote juu, asibaki hata mmoja. Waliokuwa na wasiwasi walitaka kujua ni nani atawajibika mambo yakiharibika.

"Mimi," alisema. "Naweka shingo yangu."

Kinyozi alimtazama shingo, akasema hiyo hata wembe haiuelewi, ila kwa kuwa ni yeye, sawa.

Siku ya mkutano Mama Zege aliondoa meza, akapanga viti kwa duara, na yeye mwenyewe akaketi katikati yao bila joho wala makabrasha. Alisema yatakayozungumzwa chumbani humo yatabaki humo. Wakaanza kazi, na kazi ilikuwa tamu. Walikata mtihani mmoja wa kufa na kupona wakaugawa vipande vidogovidogo. Walipanga kila kundi lifuate jengo moja halisi, tangu kuchimba msingi mpaka kuezeka, na mafundi wa pale wawe na haki ya kuwauliza maswali. Waliandika kwamba mwanafunzi achanganye zege kwa mikono yake kwanza, limshinde, ndipo asomewe kanuni. Na juu ya yote walidai maabara yenye mashine nzima. Hata wale waliozoea kusinzia nyuma walibishana mpaka jasho likawatoka. Msumari alisimama ubaoni akiandika, mgongo umejaa vumbi la chaki, na moyoni akasema hiki ndicho chuo alichokiota.

Ndipo Mama Zege akauliza, kwa upole, kwa nini maabara wanaipa uzito kiasi hicho.

Msumari akageuka, chaki mkononi, akawakabili wenzake. Akasema waliowahi kupika namba za maabara wainue mikono.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa binti mmoja mpole ambaye hakuwahi kusema neno darasani. Ikafuata mingine, kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Wa Kinyozi ulikuwa wa mwisho. Mama Zege akasimama, machozi yakimlengalenga, akasema hajawahi kuona darasa jasiri namna hii. Akatoa simu yake akapiga picha. Kumbukumbu tu, alisema.

Muda ukapita. Habari zilizoshuka kutoka juu zilikuwa njema: mpango umependwa, mashine mpya imeagizwa, na mpango utazinduliwa kwenye ukumbi mkubwa mbele ya wageni. Siku hiyo darasa zima lilikaa safu za mbele kwa mara ya kwanza. Kinyozi alikuwa amewanyoa wote tangu asubuhi, wakang'aa kama sahani zilizooshwa.

Mkuu wa Idara alizungumza kwa kirefu kuhusu mwanafunzi kuwa mshirika na si chombo cha kumiminiwa. Kisha akamwita Msumari jukwaani. Ukumbi ukapiga makofi, na wenzake ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Mkuu alimshika mkono akaung'ang'ania, akamtambulisha kama kijana mwaminifu aliyekisaidia chuo kuufichua uozo.

Neno hilo lilimgusa Msumari vibaya. Kabla hajalitafuna vizuri, ukuta wa nyuma yake ukawaka, na wageni wakaguna. Aligeuka akaiona picha, kubwa kama nyumba: wenzake wote, mikono juu. Na mbele yao, pembeni, yeye peke yake akiwa amewakabili, mikono chini, kama mtu anayewakamata.

Mkuu aliendelea kwa sauti ileile ya furaha. Alisema mpango mpya utawahusu wanaoingia mwaka wa kwanza. Ama hawa waliomo pichani, kwa kuwa wamekiri kwa hiari yao, kazi zao zote za maabara zimefutwa. Hawatahitimu na wengine. Watarudia zote mashine itakapofika, na chuo kinawapongeza kwa ukweli wao.

Mkono wa Msumari ulikuwa bado umo ndani ya mkono wa Mkuu. Alijaribu kuuchomoa, Mkuu akaubana zaidi kwa ajili ya wapiga picha. Kule chini Kinyozi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama ile picha, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Msumari alimkuta Mama Zege kwenye korido ya nyuma ya ukumbi, akirekebisha mtandio mbele ya kioo cha dirisha. Alimwuliza picha ya kumbukumbu ilifikaje ukutani. Mwalimu alianza mbali. Alisema bila ushahidi wakubwa wasingetoa mashine, kwamba darasa moja limeumia ili mengi yapone, kwamba siku moja atamwelewa.

"Na wino wako wa kijani?" Msumari aliuliza. "Ripoti zote zina alama yako. Wewe utarudia nini?"

"Mimi nilidanganywa," alisema Mama Zege, bila kupepesa. "Ndivyo ilivyoelezwa kwenye kikao."

Mama Zege akamsogelea, akashusha sauti ikawa ile ya ofisini, ile ya mwanangu.

"Wewe hurudii. Wote wameinua mikono isipokuwa wewe. Nimekupigania kwa hilo, na wamekubali. Utahitimu."

"Nilikuwa nimeshika chaki, Mwalimu. Nimepika kama wao."

"Najua."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayekubali kwamba nje kuna jua. Msumari akamwambia aandikwe pamoja na wenzake. Akajibiwa kwamba kikao kimekwisha kufungwa, na mtu hafungui kikao cha wakubwa kwa ajili ya kiburi cha kijana mmoja. Kisha mwalimu akaenda kula na wageni. Msumari alibaki pale akijiona alivyovishwa kilemba cha ukoka mchana kweupe, na kilivyomkaa vizuri.

Bwenini Kinyozi alikuwa ananyoa. Hakuwa akizungumza, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu. Msumari alieleza yote, akiruka huku na huku, akarudia mara mbili kwamba amekataa msamaha wao.

"Chaki nani alikupa?" Kinyozi aliuliza.

"Niliichukua mwenyewe."

"Basi."

"Basi nini? Unadhani nilijua?"

Kinyozi alipuliza nywele kwenye mkasi. Alisema amempigia dada yake simu. Dada hakulia wala hakufoka, amesema suti haiozi, itamsubiri palepale ilipotundikwa. Kitu kimoja tu alitaka kujua, ni nani aliyemshauri kuinua mkono.

"Nikamwambia hakuna, ni akili zangu," alisema Kinyozi. "Nimeona aibu kukutaja. Anakupenda yule, anakuita mdogo wake."

Msumari angependelea ngumi. Ngumi angeirudisha.

Mashine ilifika ikiwa na utepe mwekundu, na darasa likaitwa kurudia. Msumari hakuitwa. Alikwenda. Alivaa buti na ovaroli kama wenzake, akasimama kwenye lundo la mchanga. Fundi wa maabara akawaambia wajigawe wanne wanne, na katika kujigawa huko watu walimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Kundi la Kinyozi lilikuwa na watatu. Msumari akalifuata, akaokota sepetu iliyolala pale, akaanza kugeuza mchanga na saruji. Hakuna aliyemkataza. Waliacha tu kufanya kazi, wakasimama wakimngoja, mpaka akachoka kuwa peke yake.

Kinyozi alimpokea sepetu mkononi polepole, bila hasira, kama unavyompokea mgeni ufagio.

"Acha, bwana. Utachafuka."

"Mimi ni wenu," Msumari alisema. "Waulize ofisini. Nimewaambia wanifute na mimi."

"Nimesikia. Lakini Jumamosi ya mahafali jina lako litasomwa, upende usipende. Langu halitasomwa." Kinyozi alianza kuchanganya, akigeuza kutoka pembeni kwenda katikati, vizuri kabisa, kama mtu aliyezaliwa na sepetu mkononi. "Hili linahitaji maji sasa hivi," aliwaambia wale wawili.

Msumari alikuwa amekwisha kukimbilia bombani. Alijaza ndoo mpaka juu, akairudisha akiyumba, maji yakimwagikia buti, akaiweka karibu na lile rundo la kijivu. Kinyozi aliitazama ndoo. Kisha akachukua nyingine iliyokuwa tupu, akatembea mpaka bombani, akaifungulia maji, na akasubiri ijae.