Mafuta ya Mkono wa Dada

Dada yangu ni msusi, na mikono yake haikauki mafuta. Mimi ni mtu wa maabara, na adui yangu mkubwa kazini ni mafuta ya mikono ya watu. Ndiyo maana miaka yote sikuwahi kumkaribisha huko. Nilimpeleka siku ile kwa sababu nilikuwa nimeishiwa maneno.

Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alishamwambia wazi kwamba usipotolewa utamuua. Kisu hakikumtisha. Alichoogopa ni dawa ya usingizi. Mama yetu mdogo aliingia chumba cha upasuaji akiwatania wauguzi, akalazwa, hakuamka tena. Tangu hapo dada akitajiwa upasuaji alitia pamba masikioni. Nilikuwa nimembembeleza, nimelia, nimegomba mpaka sauti ikanikauka, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku aliyopangiwa.

"Kwa hiyo hapa ndipo unapochezea maji," alisema alipoingia. Nyumbani huniita Bi Maji.

"Kaa hapo. Usiguse kitu."

Mezani palikuwa na sinia jeupe, refu, lenye kina cha kidole, limejaa maji safi kuliko yale tunayokunywa. Kikaratasi kilining'inia juu yake kikigusa uso wa maji, na kando mshale wa kipimo, unaopanda mafuta yakisukumana juu ya maji, ulikuwa umelala kwenye sifuri. Nilimweleza kwamba mwili wetu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Ukidondosha mafuta ya aina hiyo juu ya maji, chembe zake hujipanga zenyewe bila kuambiwa, kila moja kichwa ndani ya maji na mkia hewani, bega kwa bega, safu moja tu hadi mwisho wa sinia. Nimeifanya kazi hii nusu ya maisha yangu na bado jambo hilo hunisisimua mwili.

"Uongo," dada alisema, akachovya kidole.

Damu ilinichemka. Sinia lile nilikuwa nimelisafisha asubuhi nzima! Nilifungua mdomo nimfokee, kumbe mwenzangu anautazama mshale. Ulikuwa umeruka kutoka kwenye sifuri na kusimama juu.

"Nimeharibu?"

"Umetandaza," nilisema, hasira ikiniishia njiani. "Ni mafuta ya kidole chako hayo. Yameshafika kule mwisho."

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, pamoja na vichwa vya wateja wako."

Alicheka, kisha akainama kuyatazama maji kwa muda mrefu. Hapakuwa na kitu cha kuona, yalikuwa maji tu, lakini mshale ulisema yeye yupo pale. Wazo likanijia papo hapo. Nilichukua kichupa cha etha.

"Zamani watu walilazwa usingizi wa upasuaji kwa hii. Ni kiyeyushi, inayapenda mafuta kuliko maji."

Nililowesha pamba, nikaiweka kando ya maji bila kuyagusa, nikafunika sinia kwa kioo. Mvuke ulishuka wenyewe, ukajipenyeza katikati ya mafuta yake, yakasukumana na kulegea. Mshale ukaanza kupanda polepole, na hakuna mkono wa mtu uliougusa. Dada alishika shavu.

"Ndivyo watakavyonifanya?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Sijui," nilisema. "Hakuna anayejua yote. Ubongo si sinia, na dawa za siku hizi si hii. Kuna wanaosema dawa inakaa kwenye utando, kuna wanaosema inakamata vitu vilivyochomekwa humo. Tunachojua ni kwamba inaingia, na ikiachwa inatoka."

"Basi itoe nione."

Niliondoa kioo na pamba, nikawasha feni ya kunyonya hewa. Dada alibandika ukucha kwenye kipimo, pale mshale ulipokuwa kabla ya etha. Mshale ukashuka, ukashuka tena, halafu ukasimama kabla ya kuufikia ukucha. Nikaanza kujieleza, mara vumbi, mara joto la chumba, nikanyoosha mkono nizime mashine. Akanidaka mkono.

"Hebu tulia, mdogo wangu. Mimi nasuka kichwa kimoja kutwa nzima, wewe unashindwa kusubiri maji?"

Tukasubiri. Feni ilivuma, na mvuke uliobaki ulikuwa bado unatoka. Mshale ulitikisika, ukasogea, ukaja kukaa chini ya ukucha wake, pale pale. Machozi yalinilengalenga. Nilishaliona hilo mara nyingi, ila si kwa mafuta ya mtu ninayempenda.

"Umefika," dada alinong'ona. Baadaye, akivaa viatu, alisema atakwenda.

Kesho yake alipiga moyo konde akaingia. Daktari alitoka na kusema uvimbe umetoka wote. Lakini dada hakuamka. Waliopasuliwa baada yake walikuwa tayari wanaomba maji, yeye amelala tu. Muuguzi alisema wengine huchelewa, na mimi niliyekuwa mwalimu jana nilikaa pale roho mkononi. Nilimwita. Nilimtikisa bega. Nilikuwa karibu kupiga kelele wodi nzima ijae watu.

Ndipo nikauona mkono wake juu ya shuka. Walikuwa wameusugua kwa ajili ya upasuaji, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu ulikuwa mkavu. Niliushika, nikauweka ukucha wake juu ya kiganja changu, nikajiambia nitulie. Kifua chake kilipanda na kushuka. Pumzi baada ya pumzi dawa ilikuwa inatoka, na mimi sikuwa na la kufanya ila kuisubiri.

Ukucha ulinikwaruza kidogo. Kisha kope zikacheza, na midomo ikafunguka. Niliinama karibu.

"Bi Maji," alisema kwa taabu. "Mshale umefika?"

"Umefika, dada," nilisema, nikilia bila aibu. "Umefika pale pale."