Picha ya Somoe

Bimdogo alitoka Kitangari hadi Newala mjini na shida moja: alitaka sura ya marehemu mama yake, Somoe, ichapishwe kubwa, ya kutundika ukutani.

"Ndiyo hii," alimwambia Naima, mwenye duka la uchapaji, akimkabidhi simu.

Ndani ya simu mlikuwa na PDF ya kijitabu cha hitima ya kumwombea mama huyo. Kilitengenezwa miaka mitatu nyuma na Awadhi, binamu yake wa Masasi. Jaladani, ndani ya duara, palikuwa na uso wa mwanamke kijana mwenye nembo, chale za urembo za Kimakonde, mashavuni. Awadhi aliutoa kwenye picha ya zamani aliyoikuta kwa mjomba wao. Tangu hapo nyumba ya mjomba iliangushwa na mvua, picha ikaoza, na kompyuta ya Awadhi nayo ikaungua.

Bimdogo hakumkumbuka mama yake hata kidogo. Alilelewa na shangazi asiyependa maswali. Alichowahi kuambiwa ni kwamba Somoe alikufa kwa uzazi. Na kwa kuwa Somoe hakuacha mtoto mwingine, Bimdogo alijua tangu utotoni ni uzazi upi. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu yeyote.

Naima alilifungua faili kwenye programu ya usanifu. Maandishi yakaja, na maua ya pembeni yakaja. Duara likabaki jeupe, na ujumbe ukasema picha haipatikani.

"Mbona kwenye simu yupo?" Bimdogo aliuliza.

"Simu inaonyesha ukurasa ulivyokamilika, mama. Hii programu inataka picha ya asili, pale pale Awadhi alipoihifadhi kwenye kompyuta yake. Imeachiwa anwani tu, na nyumba yenyewe haipo tena."

"Basi amenipotea mara ya pili."

"Bado. Kama simu inamwona, yumo humu humu ndani ya faili."

Kupiga picha ya kioo cha simu kusingefaa. Ikikuzwa, uso ungekuwa ukungu mtupu. Naima akalifungua faili lile lile kwa programu nyingine, isiyohangaika na anwani, inayosoma kilichopachikwa ndani ya PDF yenyewe. Safari hii Somoe akatokea, uso safi. Naima akabofya duara ili amtoe kwenye fremu.

Picha ikapanuka ikajaza kioo chote.

Yakaonekana mabega, kanga, miguu mitupu juu ya udongo mwekundu, na nyuma yake mkorosho. Na mgongoni, ndani ya mbeleko, mtoto. Alikuwa amelishika sikio la Somoe, anacheka, mdomo wazi.

"Subhanallah," Naima alisema, akaondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemchoma. "Awadhi hakuikata. Aliificha tu. Yote ilikuwa humu."

Bimdogo alikuwa amesimama. Chini ya picha, kwenye ukingo mweupe, palikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino.

"Nisomee."

"'Somoe na mwanawe Bimdogo. Chilangala, 1968.'"

"Rudia."

Naima akarudia, polepole.

Bimdogo akainama hadi pua ikakaribia kioo. "Huyu mtoto ana meno."

"Anayo, mama. Mawili, chini."

"Mtoto wa meno si wa siku moja." Akamgeukia Naima. "Naima, mimi nimeishi miaka yote hii nikijua nilimuua mama yangu kwa kuzaliwa. Kumbe alinibeba. Uzazi uliomchukua ulikuwa mwingine, haukuwa wangu."

Naima akainuka akafunga mlango wa duka, asiingie mteja.

Mwanamke wa kwenye picha hakuzidi miaka ishirini. Bimdogo alikuwa na wajukuu wanne. Hata hivyo alitengeneza mtandio wake, akapiga goti mbele ya meza ya kompyuta, kama binti mdogo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Naima akauliza taratibu kama bado anataka uso peke yake.

"Usikate kitu," Bimdogo alijibu, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Hata huo udongo, uache."