Gari Jekundu la Baba Lyka

Jumapili ya sita tangu gari jekundu lipotee, kaka yangu Edsel alikuja na uso wa mtu aliyekwisha kukata tamaa ila anaona haya kusema. Alivua ndala mlangoni, akaushika mkono wa mama na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, salamu yetu kwa wakubwa, kisha akaketi mbele ya kompyuta bila hata kuomba maji. Akatuambia Jumanne anaondoka kwenda bandari ya Cebu, amepata kazi kwenye meli ya mizigo. Ikishindikana leo, basi tena.

Mume wangu, Arnulfo, yuko Taiwan mwaka wa pili sasa, kiwandani, zamu ya usiku. Alipoondoka, binti yetu Lyka alikuwa na miaka minne. Simu aliikataa tangu mwanzo. Baba yake akimwita, anakwenda kujificha nyuma ya pipa la mchele. Kitu kimoja tu kiliwakutanisha: mashine mbili kuukuu za mchezo, zile za kushika mkononi, moja kwetu na moja bwenini kwake.

Mashine zile huchezeana zikiwa chumba kimoja tu. Edsel alikaa miezi akiandika programu, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Java, ya kuzidanganya kwamba ziko pamoja. Kompyuta yetu inadaka kinachosemwa na mashine ya Lyka, inakipeleka Taiwan kwa intaneti, na kompyuta ya Arnulfo inajibu. Kila Jumapili saa tisa alasiri wakawa wanashindana mbio za magari, Lyka la njano, baba yake jekundu. Mtoto hakusema neno, lakini alicheka. Mimi nikiwa jikoni nikisikia kile kicheko, mgongo wangu unapumzika.

Halafu ikaacha. Jumapili tano mfululizo gari jekundu halikutokea, na wiki iliyopita Lyka aliniuliza kama yule mtu wa gari jekundu amekufa. Hakusema baba.

Edsel alikuwa amejaribu kila alichokijua. Alifuta Java akaiweka upya. Alizima kinga za kompyuta, akabadilisha waya, akaupandisha mtambo wa intaneti juu ya kabati la sahani. Siku ile akaanza tena moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayeosha vyombo vya wageni walioondoka zamani. Jirani yetu, mzee Berting, alikuwa ameshika kipaza sauti tangu chakula cha mchana, anaimba nyimbo za mapenzi kwa mashine ya karaoke ya kukodi. Lyka alikaa sakafuni na mashine yake mapajani, hata hakuiwasha.

Mama, akichambua dagaa wakavu, alisema miaka minne ya chuo imeshindwa na kigari cha watoto.

"Na wewe mama umeshindwa na jogoo wa Berting anayekuibia dagaa kila siku," Edsel akamjibu bila kugeuka.

Ujumbe wa Arnulfo ukaingia kwenye simu yangu. Alisema jina la Lyka analiona kwenye orodha ya wachezaji, ila akimwita haitiki. Edsel akausoma mara mbili. Akasema ndivyo ilivyo wiki zote: yeye anatuona, sisi hatumwoni. Njia ya kwenda iko wazi, ya kurudi imezibwa, na yeye Edsel hajaiziba.

Mimi niliishia darasa la sita. Yale maandishi yanayoteremka kwenye kioo cheusi siyajui, lakini namba nazijua, na kukaa nikatazama naweza. Nikaona kila mstari unaotoka kwa Arnulfo unafuatwa na neno lile lile. Nikamuuliza ni neno gani.

Akasema maana yake imetupwa. Kila ujumbe hubeba saa uliyotumwa; ukichelewa sana njiani, programu inautupa, ili magari yasirukeruke. Intaneti ya huku ilivyo mbovu, ni kawaida.

"Zote zinatupwa, kaka?"

Akasogeza uso karibu na kioo. Nikamuuliza zimechelewa kiasi gani. Akapandisha maandishi juu, akahesabu. Dakika kumi na tano. Wa juu yake, kumi na tano. Wa juu yake tena, kumi na tano.

Nikatazama saa ya ukutani.

Saa ile mama ameisogeza mbele dakika kumi na tano tangu sisi wadogo, tusichelewe misa. Kila mtu nyumbani anajua. Na kompyuta yetu, tangu betri yake ya saa ilipokufa wakati wa Kwaresima, kila ikiwashwa lazima ipewe saa upya. Nilikuwa naiwasha mapema, Edsel akija aikute tayari. Saa mbili tofauti ndani ya nyumba moja zilinikera, nikawa nafuata ya ukutani.

"Kaka," nikasema, "saa ya kompyuta naiweka mimi."

Aliutazama ukuta. Hakufoka. Aliweka kichwa mezani.

"Mimi ndiye niliyeandika ikague saa," akasema pale pale mezani. "Na kila nikitazama saa humu ndani, natoa kumi na tano bila kufikiri. Nimekulia hapa."

"Saa yangu msiiguse," mama akasema.

Hatukuigusa. Edsel alirekebisha ya kompyuta, akabandika karatasi chini ya kioo: fuata saa ya simu. Kisha akamwambia Lyka awashe.

Gari jekundu lilikuwepo, limesimama kwenye mstari. Taa za mbio zikawaka, zikazimika. La njano likaondoka. Jekundu halikusogea.

"Haendi," Lyka akasema.

Nikamtumia Arnulfo ujumbe, haukujibiwa. Edsel akaanza kuvuta kiti tena. Nikamshika bega. Arnulfo alitoka kazini asubuhi na hakulala, alikuwa akitusubiri. Nikamwambia Lyka kwamba mwenye gari jekundu amelala, amechoka, mashine iko mkononi mwake.

Alifikiri kidogo. Akazunguka uwanja mzima peke yake, polepole, akarudi, akaliegesha la njano ubavuni mwa jekundu. Akakaa hivyo, vidole vimetulia.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "mwambie babu Berting apunguze kelele. Baba amelala."

Nikavaa ndala, nikaenda kumwambia.